Kati ya Mengineyo na Yatokanayo

Katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, juu ya Kisesa, jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake mna ngoma, viti na vifaa vya watawala wa Usukuma wa zamani. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alivikusanya vitu hivyo akisaidiana na wenyeji, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Wageni wengi hutoka humo wakiwa wameuona utemi kama kiti. Kwa maoni yangu, sehemu ya utawala ule inayotufaa zaidi leo haiwezi kuwekwa kwenye maonyesho. Nayo ni njia aliyopita mtu wa kawaida kupeleka lalamiko lake, namna jibu lilivyomrudia, na kile ambacho mtawala alipoteza asipojibu.

Mambo yenyewe ni ya kila siku: bomba limekauka, kalavati limebebwa na mvua, jirani amesogeza mpaka wa kiwanja, ng'ombe wameingia kwenye mpunga, watoto wanakaa chini darasani wakati mchango wa madawati ulishatolewa. Kwa wakazi wengi wa kando ya ziwa, serikali ni hayo. Bunge liko Dodoma na wanalisikia redioni. Ofisi ya mtendaji wa kijiji wanaiona kila siku, na ndiko wanakofuata barua ya utambulisho yenye muhuri.

Basi tuanze na mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa ndiyo mila yetu ya sasa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inamfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano huo, na kwa kawaida watu huitwa kila baada ya miezi mitatu. Aliyewahi kuhudhuria anaijua agenda kwa moyo: kufungua, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mambo maalumu ya siku hiyo, mengineyo, kufunga. Malalamiko ya watu huangukia kwenye mengineyo. Ikifika zamu yake jua limekuwa kali, kivuli cha mwembe kimehama, akina mama wenye watoto mgongoni wameanza kuondoka mmoja mmoja, na mwenyekiti anaomba wasemaji wawe wafupi. Mzee anasimama, anavua kofia. "Ndugu Mwenyekiti, mimi ni lile lile la barabara." Watu wanaguna kumuunga mkono. Mwenyekiti anamtazama mtendaji, mtendaji anaandika, kisha linatoka jibu ambalo kila mtu aliyeketi pale angeweza kulitoa kabla yake: limepokelewa, linafanyiwa kazi.

Mahali pa kulijibu lalamiko lile ni kwenye yatokanayo ya mkutano unaofuata. Hapo ndipo muhtasari unaposomwa na mwenyekiti analazimika kusema: mlituuliza hili, tumefanya hili, hili limeshindikana kwa sababu hii. Agenda hii ni chombo kizuri sana, na aliyeipanga alijua watu. Lakini ina uhai pale tu mkutano unaofuata unapofanyika, muhtasari unapoletwa, na lile swali la mzee linapokuwa limeandikwa kama alivyolisema, si kama "wananchi walichangia mada mbalimbali". Mkutano ukirukwa mara mbili, yatokanayo hufa, na mzee hulazimika kuanza upya kwenye mengineyo. Kwa kipimo hicho nitazipima mila nyingine: nani anarudi na jibu, na asiporudi anapoteza nini.

Usukuma wa kale ulikuwa na ngazi zake. Juu alikuwa ntemi, chini yake ng'wanangwa aliyesimamia kijiji, kisha banamhala, yaani wazee, na nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyewapanga katika kazi za kulima kwa pamoja. Pembeni ya ntemi walikuwapo banang'oma, baraza la kifalme. Hawa ndio waliomchagua ntemi, na walikuwa na uwezo wa kumwondoa. Mvua ikigoma, lalamiko la nchi nzima lilifika kwake, na kiti kikaanza kutikisika. Leo tunaweza kusema ni dhuluma kumdai mtu mvua. Lakini zingatia muundo wenyewe: hakuwapo mtawala aliyeweza kusema jambo hilo liko nje ya ofisi yake. Kila kero ilikuwa na mwenyewe.

Kwa migogoro ya watu na watu palikuwa na dagashida, mkutano wa jamii ambao haukufungwa mpaka neno lifike mwisho. Aliyepatikana na kosa alitozwa, na aliyekaidi alitengwa na nzengo, ujirani wenye kuchangiana kazi, moto, maji na misiba. Neno nzengo bado ni hai Mwanza na Shinyanga mpaka leo, na anayehamia Kisesa kutoka mbali hufundishwa mapema kwamba asiyekwenda kwenye msiba wa wenzake hataonwa kwenye wake. Nguvu ya dagashida ilitoka hapo. Haikuwa na askari wala jela. Aliyekuhukumu leo angehitaji mikono yako kesho, naye angehukumiwa mbele yako siku yake ikifika. Kulipuuza lalamiko la jirani kulikuwa na gharama aliyoihisi kila mmoja.

Sitaki kuipamba. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa wanaume, hasa wazee. Mwanamke aliyekuwa na dai alihitaji mume, baba au kaka wa kumsemea, na mjane asiye na watu alikuwa peke yake kweli kweli. Nguvu ile ile ya kutenga iliyomnyoosha mwizi wa ng'ombe iliweza pia kumwangamiza mama mzee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika. Mauaji ya vikongwe wanaoshutumiwa uchawi katika mikoa ya kanda ya ziwa ni jeraha ambalo mtu yeyote anayesifia mila za huku anapaswa kulitaja. Jamii inayojijibu yenyewe inaweza kujijibu vibaya sana.

Geukia pwani, na kupitia pwani ng'ambo ya bahari. Kule Oman, ambako hadi leo kuna maelfu ya watu wazungumzao Kiswahili kwa sababu ya uhusiano wa karne nyingi na Unguja, mila ya barza ilimweka liwali ngomeni kupokea watu ana kwa ana. Mwenye shida aliingia, alisalimia, alikaa, akaeleza. Masultani wa Zanzibar nao walikuwa na baraza zao. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi alipofariki Januari 2020, aliiendeleza kwa ziara za kila mwaka: alipiga kambi mikoani na mawaziri wake, na watu wakamfikia na maombi yao. Uzuri wa mila hii ni mkubwa. Mtu anamwona mwenye mamlaka kwa macho, na mwenye mamlaka anaweza kuamua palepale.

Sisi wa kando ya ziwa tuliiona sura ya mila hiyo bila kuvuka bahari. Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alikuwa akisimamisha msafara njiani, anapokea kipaza sauti, anamwita mwananchi aliyeshika bango, anamsikiliza, kisha anamwita mtendaji au mkurugenzi ajibu hadharani au anapiga simu umati ukisikia. Wakuu wa mikoa na wilaya wakaiga, na ziara za kusikiliza kero zikawa kazi ya kawaida. Najua watu ambao kiwanja chao kilirudi kwa njia hiyo baada ya miaka ya kuzungushwa, na siwezi kuwaambia kwamba haikuwa haki. Hata hivyo, tazama inachokifundisha kijiji. Mwenye lalamiko anajifunza kulihifadhi hadi mkubwa apite. Mtendaji anajifunza kwamba hatari yake inatoka kwa bango, kwa hiyo siku ya ziara mabango hukaguliwa kabla ya msafara kufika. Mkutano mkuu unabaki mahali pa kusikiliza matangazo. Na mama ambaye kijiji chake hakiko kwenye njia ya msafara, huko ndani baada ya majaruba ya mpunga, hana siku yake.

Kipimo changu kinatoa majibu tofauti hapa. Katika barza, anayejibu yupo na anaonekana. Lakini asipojibu hapotezi chochote, kwani aliyesikilizwa hakumweka na hawezi kumtoa. Jibu ni ukarimu wake. Katika kgotla ya Botswana, uwanja wa mkutano wa chifu, kuna desturi ambayo naipenda: kgosi huwaacha watu wote waseme, naye husema mwisho, na neno lake linatazamiwa kubeba yale yaliyosemwa. Anayetaka kuamua kinyume cha mkutano lazima aamue mbele ya mkutano huohuo ulioketi. Hilo tayari ni nusu ya jibu.

Ukoloni haukuifuta ngazi ya Kisukuma. Uliigeuza uso. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ilimfanya ntemi kuwa mtumishi wa mshahara, mkusanyaji wa kodi na mtekelezaji wa amri ndogondogo, na baada ya vita kuu ya pili ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma na masharti yake juu ya matuta, mifugo na ardhi. Aliyeuliza kwa nini apunguze ng'ombe wake alimwuliza mtu ambaye kiti chake sasa kilishikiliwa na bwana shauri, mtawala wa kikoloni wa wilaya, na banang'oma hawakuwa na la kufanya. Mtu anayelipwa kutoka juu hujibu juu. Lalamiko ambalo zamani lingepanda ngazi likaanza kutafuta njia nyingine, na njia hizo zilikuwa vyama: ushirika wa wakulima wa pamba uliojengwa na akina Paul Bomani, kisha TANU.

Mwaka 1958 jambo hilo lilipasuka Geita. Serikali ilianzisha baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo wenyeji hawakulitaka, na baada ya kusema kwa kila njia waliyoijua bila kusikilizwa, maelfu walikwenda Mwanza kumwona Kamishna wa Jimbo. Walitaka jibu kutoka kwa mdomo wa mwenye uamuzi. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi. Mpango huo haukudumu, na wenye kuandika historia ya uhuru huko kwetu hulitaja tukio hilo kama moja ya hatua kubwa. Mimi naliona pia kama mkutano mkuu uliokosa yatokanayo kwa muda mrefu hata watu wakaamua kuifuata agenda kwa miguu.

Baada ya uhuru, utemi ulifutwa mwaka 1963, na kisha wakaja viongozi wa nyumba kumi wa TANU. Kwa wakati wake, balozi wa nyumba kumi alifanana sana na nsumba ntale: anakaa palepale, anawajua watu wake kwa majina na madeni, anaamua ugomvi jioni ileile. Taifa nalo likajaribu kitu kipya. Mwaka 1966 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa umma na viongozi. Wazo lilitoka Sweden, ambako ofisi ya namna hiyo ilianza mwaka 1809, na Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kulichukua. Makamishna wake, chini ya Chifu Erasto Mang'enya, walitembea mikoani na kukutana na watu. Huo ulikuwa uamuzi wa kiutu: mwenye lalamiko hakuambiwa aandike barua kwa Kiingereza kwenda Dar es Salaam. Udhaifu ulikuwa upande wa pili. Tume ilipeleka matokeo kwa Rais, kwa siri, na Rais ndiye aliyeamua la kufanya. Mwananchi alisikilizwa ana kwa ana akajibiwa gizani. Tangu 2001 kazi hiyo ni ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kisha yakaja mambo ambayo Usukuma haujayasahau. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, zikarudishwa tu kwa sheria za 1982. Katikati yake, Operesheni Vijiji ilihamisha familia kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuzipanga kwa mistari. Nzengo zilizokuwa zimejengwa na vizazi zikavunjwa. Wizi wa mifugo ulipozidi na polisi wakawa mbali, watu walijijibu wenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walianza upande wa Kahama na kuenea haraka, wakiwa na pinde, mishale, katibu, na kiongozi waliyemwita tena ntemi. Ulikuwa ushahidi mzito dhidi ya serikali ya siku zile: kero imekaa mengineyo miaka mingi, wenyewe wakaandika yatokanayo kwa mishale. Wapo waliopona kwa sababu yao, na wapo walioumizwa bila kosa.

Majirani wana ya kutufundisha, na sehemu yake ni onyo. Uganda ilirithi kutoka vita vya msituni mabaraza ya upinzani, ambayo baadaye yakawa mabaraza ya mitaa, na mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya kijiji, bado ndiye mtu wa kwanza kugongewa mlango. Lakini baada ya uchaguzi wa 2001 hawakuchaguliwa wengine mpaka Julai 2018, wapiga kura walipojipanga mstari nyuma ya wagombea wao. Kwa miaka 17 jirani asiyejibu aliendelea kuwa mwenyekiti. Kenya, ambako chifu huteuliwa na serikali na baraza lake kwa muda mrefu lilikuwa la kupokea maagizo, imeweka saa kwenye jibu: sheria yao ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21. Yetu ya mwaka huohuo inatoa siku 30. Saa ni kitu kizuri. Ila mzee wa barabara haombi nyaraka. Anaomba kalavati.

Na hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji wa leo anapostahili huruma ambayo watu hawampi. Barabara za vijijini ni za TARURA tangu 2017. Maji ya vijijini ni ya RUWASA tangu 2019, na ukisogea mjini ni ya MWAUWASA. Umeme ni wa TANESCO. Wakala hizi zina mameneja wenye utaalamu na bajeti, na wakubwa wao hawako kijijini wala kwenye halmashauri. Aliyechaguliwa na wananchi ndiye anayeulizwa. Mwenye kalavati hajachaguliwa na mtu. Kwa mkazi wa Bujora kuna umbali mwingine pia: yuko karibu zaidi na jiji la Mwanza kuliko Magu mjini, lakini halmashauri yake ni ya Magu. Kisesa inakua kwa kasi ya jiji, viwanja vinapimwa na kuuzwa, migogoro inazaliwa kila wiki, na faili linasafiri kuelekea upande wa pili.

Je, mwenyekiti anapoteza nini asipojibu? Kwenye karatasi, kiti chake, kila baada ya miaka mitano. Lakini katika chaguzi za serikali za mitaa za 2019 na 2024 chama kimoja kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, huku wagombea wengi wa upinzani wakiwa wameenguliwa au, mwaka 2019, vyama vyao vikuu vikiwa vimejitoa. Banang'oma waliweza kumwondoa ntemi. Kijiji ambacho hakina wa kumchagua badala yake kimenyang'anywa nguvu hiyo, na mwenyekiti mwenye dhamiri ananyang'anywa pia hoja ya kuwaambia wakubwa wake: msiponisaidia kulijibu hili, watu watanitoa. Mwezi Septemba 2021, hapohapo Kisesa, machifu walimtawaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Hangaya. Nilifurahi kuona utemi unaheshimiwa. Ningefurahi zaidi kama katika sherehe zetu tungekumbuka na wale walioketi pembeni ya kiti.

Siku hizi upo pia mfumo wa e-Mrejesho, ambamo mtu anatuma lalamiko kwa simu na kulifuatilia. Nauunga mkono, hasa kwa yule anayeogopa kumtaja afisa mbele ya ndugu zake. Lakini lalamiko linalotumwa kwa simu hulijua mtu mmoja, na kalavati ni la watu wote. Mkutano una faida ambayo simu haina: jirani aliyedhani yuko peke yake husikia minong'ono ya kukubali nyuma yake. Na una wanawake ambao dagashida haikuwapa nafasi. Sheria imewatengea robo ya viti vya halmashauri ya kijiji, na kwenye baraza la ardhi la kijiji wajumbe watatu kati ya saba lazima wawe wao. Nimewasikia akina mama wa huku wakisimama na kuuliza mapato na matumizi kwa tarakimu, swali ambalo bibi zao wasingeruhusiwa kulianza.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana bila sheria mpya. Lalamiko lililosemwa kwenye mengineyo liandikwe kwa maneno ya msemaji. Kama mwenye jibu ni meneja wa TARURA au RUWASA wa wilaya, mtendaji amwandikie barua wiki hiyohiyo, nakala kwa diwani, na nakala nyingine ibandikwe kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, tarehe ikionekana. Mkutano unaofuata uanze na barua hizo kabla ya taarifa yoyote, asubuhi, watu wakiwa bado wamejaa na kivuli kipo. Jibu likiwa limekuja lisomwe. Likiwa halijaja, isomwe tarehe ya barua, na diwani, ambaye hukutana na mameneja hao kwenye vikao vya halmashauri kule Magu, aulizwe palepale alilisemea lini. Barua ya mkutano wa mwezi wa tatu isipojibiwa, isomwe tena mwezi wa sita, na wa tisa, jina la ofisi likitajwa kila mara na kuingia kwenye muhtasari.